Kijana, Uraibu Wake na Deni la Siri

 

Juma hili nawaletea jambo lililotokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kabla ya kushika kalamu nilimwomba idhini mwanangu, naye akanijibu, "Andika, mama, huenda likamfaa mwingine, ila usinitaje jina." Basi sitamtaja. Nitasema tu kwamba ni msichana wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na kwa muda wa mwaka mzima amekuwa nyumbani akingojea nafasi ya chuo na karo yake, bila kazi wala mshahara. Hali hii si ngeni kwenu. Ni nyumba chache hapa pwani zisizokuwa na kijana wa namna hiyo.

Ilikuwa Alhamisi, siku kumi hivi kabla ya kwisha mwezi wa Shaaban. Nilikuwa jikoni baada ya sala ya Alasiri, nimeketi juu ya mbuzi nakuna nazi, simu ikalia. Sauti ya mwanamume nisiyemjua ikaniuliza kama mimi ndiye mama wa fulani. Nikajibu kuwa ndiye, moyo ukinidunda, maana nilidhani mtoto amepatwa na ajali. Akanieleza, kwa ukali nisiouzoea, kwamba mwanangu anadaiwa shilingi 8,900, kwamba muda wa kulipa umepita, na kwamba kama deni halitalipwa kufikia Jumamosi, watapigiwa simu watu wote ambao nambari zao zimo ndani ya simu yake. Wawili aliwataja papo hapo: ustadhi wake wa madrasa, na shangazi yake.

Niliposhusha simu, kifuu kilikuwa bado mkononi. Sitawaficha yaliyonipitia moyoni. Mama mwenye binti anajua fikira za namna hiyo zinavyokimbia, na wapi hukimbilia. Nikamwita chumbani, nikafunga mlango, nikamuuliza pesa hizo zimekwenda wapi. Alilia kwanza. Kisha akasema neno moja tu: "Darubini."

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanangu anapenda nyota. Alianza angali mdogo, tulipokuwa tukienda Pate kwa bibi yake likizo ya Desemba. Kule usiku ni giza halisi, na bibi yake, ambaye mumewe alikuwa nahodha, alimlaza mkekani uani akimwonyesha Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota ambacho wakulima na mabaharia wetu walikitazamia misimu. Akamfundisha na majina ya sayari kama yalivyo katika lugha yetu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zuhali. Tukirudi Mombasa, mtoto hupanda juu ya sakafu tunapoanika nguo, akatafuta angani alichofundishwa. Alipokua akataka chombo. Akaona darubini katika tangazo la simu, bei yake shilingi 38,000. Muuzaji akamwambia atoe arbuni ya shilingi 6,000, naye atamwekea.

Hana kazi. Akakopa shilingi 6,000 katika programu moja ya mikopo ya simu, pesa zikamfikia kabla hajamaliza kunywa chai. Sharti lilikuwa arudishe 6,900 baada ya siku 30. Siku 30 zikapita, hana kitu. Akakopa 7,000 katika programu ya pili ili aifunge ile ya kwanza, akabakiwa na shilingi 100. Hii nayo ilitaka 8,050 baada ya siku 30 nyingine. Zikapita. Ikaongezwa faini ya kuchelewa, ikawa 8,900. Hesabuni wenyewe: shilingi 6,000 zimekuwa karibu 9,000 katika miezi miwili, na darubini yenyewe hajaigusa hata kwa kidole. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Nilikuwa na hasira, na haki ya hasira nilikuwa nayo. Lakini nilipomuuliza kwa nini hakuja kwangu kabla ya kwenda kwa watu asiowajua, alinijibu kwa adabu, macho yakiwa chini: "Mama, ningekuja vipi? Ulisema ni mambo ya wapiga falaki."

Kweli nilisema. Nilisema zaidi ya mara moja, mbele ya wageni, na watu wakacheka. Katika miji yetu neno falaki limechanganyika mno na ramli na vitabu vya kutazamia bahati, hata mtu akisikia kwamba binti anakesha akitazama nyota, dhana yake huenda huko. Sikujisumbua kumuuliza anatazama nini. Lau ningemuuliza, angenieleza kwamba kupiga ramli kwa nyota ni haramu na yeye anajua, na kwamba elimu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota ndiyo iliyowapa Waislamu nyakati za sala na uelekeo wa kibla. Mwenyezi Mungu Mwenyewe ametukumbusha katika Suratul An'am, aya ya 97, kwamba nyota amewajaalia wanadamu ziwaongoze katika giza la bara na bahari. Mumewe bibi yake alivuka bahari kwazo.

Nililiona jambo hilo kuwa la kigeni, na wala si la kigeni hata kidogo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Iliitwa Uhuru. Wapo wazee wa Malindi wanaoukumbuka wakati huo. Anga hili ni letu pia.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, nilipoketi usiku ule niliona kwamba deni lile lilikuwa na wenyewe wawili. Mwanangu alikosa kwa kukopa kwa riba kitu asichoweza kulipia, na kwa kuficha. Mimi nilikosa kwa kumfanya afiche. Kijana ambaye pendo lake limefanywa mzaha nyumbani haliachi pendo hilo. Hulipeleka gizani, na gizani ndiko waliko wakopeshaji.

Hebu tutazame mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umayr, ndugu wa Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na kijidege akikichezea. Mtume (S.A.W.) alipokuja nyumbani kwao alikuwa akimuuliza mtoto habari za kijidege chake. Fikirini. Aliyebebeshwa ujumbe wa walimwengu wote alipata nafasi ya kuulizia ndege wa mtoto. Imepokewa pia kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) ili atazame mpaka atosheke mwenyewe. Dini yetu haikuja kuwanyima vijana kila kinachowafurahisha. Imekuja kuweka mipaka: kisiwe haramu, kisipoteze sala, kisile haki ya mtu, na kisivuke uwezo.

Mpaka huo wa mwisho ndio unaotuhusu leo. Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Rahmani kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hushika njia ya katikati. Kijana asiye na kazi huuliza, "Njia yangu ya katikati ni ipi, ikiwa mfukoni hamna kitu?" Ni swali la haki, na si vyema kumjibu kwa kumwambia tu asubiri mpaka apate kazi. Huenda kazi ikachelewa miaka. Jibu nililolipata mimi ni kutenganisha mambo mawili ambayo maduka hutaka tuyaone kuwa ni kitu kimoja, yaani pendo la jambo na chombo cha jambo. Pendo ni la bure, nalo ndilo linalofunzwa kwanza. Chombo kina bei, na zamu yake huja baadaye.

Mwanangu ndiye aliyenipa mfano, deni lilipokwisha kututoka kooni. Alinieleza habari za Abdurrahman as-Sufi, mwanachuoni aliyeandika Kitabu cha Nyota Zisizohama mnamo mwaka 964. Humo alieleza nyota kundi kwa kundi, mahali pake na mwangaza wake, na akataja kijiwingu hafifu ambacho wanafalaki wa leo wanakijua kuwa ni mkusanyiko mkubwa wa nyota ulio nje kabisa ya huu wetu. Yote hayo aliyaona kwa macho matupu, kwa sababu darubini haikujulikana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1600. Ikiwa Sufi aliandika kitabu kinachotajwa mpaka leo bila darubini, msichana wa Mombasa hana sababu ya kuingia katika riba ili aanze.

Akanitajia na mwanamke. Ibn an-Nadim, katika orodha yake mashuhuri ya vitabu na wanavyuoni, amemtaja al-Ijliyyah kuwa miongoni mwa mafundi wa asturlabu, kile chombo cha kupimia nyota, katika zama za Sayf ad-Dawla wa Halab, karne ya 10. Alikuwa binti wa fundi wa asturlabu. Nilipolisikia hilo nilinyamaza. Chombo kile kilikuwa cha thamani katika zama zake, lakini yeye alikikuta nyumbani mwa babake.

Sasa niwaeleze tulivyofanya, kwani najua wengi mnangojea hapo.

Kwanza, tulimtafuta muuzaji. Mume wangu alizungumza naye kwa upole, naye akakubali kurudisha shilingi 4,000 katika zile 6,000. Enyi vijana, hapa pana jambo la kujifunza. Arbuni ambayo muuzaji huizuia mnunuzi akighairi ina hitilafu kubwa. Maulamaa walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Imam Shafii, hawaikubali, na waliojuzisha ni wafuasi wa Imam Ahmad bin Hanbal. Kabla ya kutoa arbuni, ulizeni masheikh, na muulizeni muuzaji: nikishindwa, pesa zangu zitarudi?

Pili, zilibaki shilingi 4,900 za kulipwa. Nilizitoa katika pesa zangu za chama, tukalifunga deni siku ya Ijumaa, tukaomba maghfira kwa riba iliyoingia nyumbani mwetu. Lakini sikumpa mwanangu pesa hizo kuwa zawadi. Nilimkopesha mkopo mwema, yaani qardh hasan, usio na nyongeza hata ya ndururu. Tukauandika katika daftari kama tulivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, baba yake na shangazi yake wakashuhudia. Baadhi yenu mtasema, mama kumwandikia mwanawe deni? Naam. Ningemlipia nikanyamaza, angejifunza kwamba deni ni jambo linaloondolewa na machozi. Ningemwachia peke yake, angerudi kukopa kwingine.

Tatu, tulitafuta njia ya kulipa. Mwanangu ni hodari wa hesabu. Watoto wanne wa jirani walikuwa wakihangaika nazo, basi akaanza kuwafundisha barazani kwetu siku tatu kwa juma, kila mtoto shilingi 50 kwa kipindi. Hiyo ni shilingi 600 kwa juma. Shilingi 350 zililipa deni, 200 zikawekwa akiba, na 50 zikawa zake. Kwa majuma 14 deni likaisha, hata senti haikubaki.

Nilipokuwa nikitazama daftari lile nilikumbuka hadithi iliyopokewa katika Sunan ya Abu Dawud kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.). Mtu wa katika Ansari alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akiomba. Aliulizwa nyumbani kwake mna nini, akasema mna nguo wanayojifunika na kuitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume (S.A.W.) akaviuza viwili hivyo kwa mnada, vikapata dirhamu mbili. Akamwamrisha kwa dirhamu moja awanunulie chakula watu wa nyumbani kwake, na kwa ya pili anunue shoka. Mtu yule alipolileta shoka, Mtume (S.A.W.) alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na asionekane siku 15. Aliporudi alikuwa amechuma dirhamu 10.

Hadithi hii sote tumeisikia ikihubiriwa kuwa ni funzo kwa mwombaji. Mimi nimeisoma upya kama mama. Shoka lilinunuliwa kwa mali ya mtu mwenyewe, hakupewa bure, na chakula cha nyumba kilitangulizwa. Lakini mpini ulitiwa na mkono wa aliyemtakia kheri. Vijana wetu wanao ustadi fulani wa kuuza, hata kama hawana kazi: huyu hesabu, yule hina, mwingine kushona au kutengeneza simu. Sisi wazazi kazi yetu ni ule mpini, yaani baraza la kufundishia, neno zuri kwa jirani, daftari na kutia moyo.

Enyi vijana wa kike na wa kiume, nawageukia sasa. Huenda wewe hupendi nyota. Pendo lako huenda likawa ni kupiga picha, kuoka keki, baiskeli au ushonaji. Kanuni ni ile ile: anza na kilicho karibu. Anayetaka kamera ya laki moja ajiulize kama amekwisha kujua mwanga wa asubuhi na wa jioni unavyobadilisha sura ya ukuta, jambo linaloweza kujifunzwa kwa simu yoyote. Anayetaka oveni ya umeme na mashine ya kukorogea amwendee nyanya yake amwonyeshe mkate wa sinia na keki zilivyookwa kwa makaa juu na chini, wala hazikuungua. Atakayejua kuutawala moto wa makaa, oveni haitamshinda. Anayetaka cherehani ya kudarizi aanze na sindano. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Baada ya hapo panda ngazi kidogo kidogo. Tafuta cha mkono wa pili kabla ya kipya. Azima kwa mtu anayekujua, na ukirudishe kikiwa kizima. Shirikianeni: kitu kisichoweza kununuliwa na mmoja huenda kikanunuliwa na watatu, mradi muandikiane nani atakitumia lini, na kikiharibika nani atakitengeneza. Wekeni pia pesa mnazopewa za Idi, ambazo kwa kawaida huyeyuka siku ile ile. Na ukijiona huwezi kulitaja pendo lako mbele ya wazazi, jiulize kama tatizo ni bei au ni siri.

Kuhusu mikopo ya simu sitazunguka. Nyongeza inayotozwa juu ya mkopo ni riba, iwe inaitwa ada au gharama ya huduma, na makatazo yake katika Suratul Baqara kuanzia aya ya 275 ni makali kuliko ninavyoweza kueleza mimi. Wepesi wake ndio mtego wake: hakuna anayekuuliza utalipaje. Na iwapo mmoja wenu amekwisha kuingia, asikubali kutishwa. Sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2021, na kanuni zilizofuata mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni. Kanuni hizo zinawakataza vitisho na matusi, na zinawakataza kuwapigia simu watu waliomo katika orodha ya mdaiwa ili kumwaibisha. Atakayefanyiwa hivyo anaweza kushtaki kwa Benki Kuu au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hata hivyo deni ni deni, nalo hulipwa. Mwambie mzazi wako leo, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Kauli ya mtoto huuma, lakini kauli ya mgeni katika simu huvunja moyo.

Nanyi kina mama wenzangu, nawasihi kwa jambo moja tu. Juma hili, muulizeni kila mtoto wenu anapenda nini, kisha msikilizeni mpaka amalize. Msicheke. Msiulize papo hapo litamwingizia shilingi ngapi, maana si kila lenye manufaa lina malipo. Kijana asiye na kazi ana saa nyingi za kujaza, na pendo lililo halali linamzuilia mlango wa maskani za miraa na wa michezo ya kamari. Mkiona lina madhara, semeni kwa hoja. Mkiona ni jema ila ni ghali, ketini naye mpige hesabu.

Yaliyotokea baadaye ni machache. Akiba ya mwanangu ya majuma 14 ilikuwa shilingi 2,800. Pesa alizopewa Idi ndogo zilikuwa 1,700. Zikatimia 4,500, akanunua darubini ya macho mawili ya mkono wa pili, ile inayokuza mara 10 na yenye vioo vya mbele vya upana wa milimita 50. Ile kubwa ya shilingi 38,000 haijanunuliwa. Ndugu zake wawili wa upande wa shangazi wamekubali kushirikiana naye, kila mmoja atahitaji chini ya shilingi 13,000, na hakuna aliye na haraka.

Juma la mwisho la deni liliangukia siku ya 29 ya Mfunguo Pili, jioni ya kutazamia mwezi wa Mfunguo Tatu. Tulipanda sote juu ya sakafu, baba yao akiwa na kiti chake. Mwanangu hakuturuhusu kuinua darubini mpaka jua lizame kabisa, kwani kulitazama jua kwa chombo hicho, hata kwa nukta moja, kunaweza kumpofusha mtu. Basi liangalieni hilo mkiwa na watoto. Upande wa magharibi palikuwa na mawingu, hatukuona kitu, tukateremka kusali Magharibi. Jioni ya pili mawingu yalitawanyika, nao ukawa pale, mwembamba kama ukucha. Kila mmoja alipata zamu yake, mpaka mdogo wa miaka sita.

Na juzi aliniamsha kabla ya adhana ya Alfajiri. Nilipanda nikiwa na usingizi na leso begani. Akanielekeza kwenye nyota moja nyeupe yenye kung'aa, akanishika viwiko nisitetemeke. Pembeni mwa Mshtarii niliona vitone vitatu vya mwanga vimejipanga mstari mmoja. Akanieleza kwamba hiyo ni miezi yake, kwamba ile inayoonekana kwa chombo kidogo ni minne na mmoja ulikuwa umejificha, na kwamba Galileo wa Italia aliiona mwaka 1610. Nilimuuliza maswali mengi. Alinijibu yote, na mimi nikawa mwanafunzi wa mwanangu mpaka muadhini alipoanza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, awakinge na riba na aibu zake, na atujaalie sisi wazazi masikio ya kusikia kabla simu haijalia. Amin.